Faili Lililokatwa Nusu

Faili halikuwa na jina la aliyelileta. Hapo hapo Kaz Wojtczak, aliyejitangaza mfalme wa Ubao katika Milwaukee nzima, angeshtuka, kama angekuwa na akili sawa na mdomo wake.

Ubao wenyewe ulikuwa kompyuta moja tu, nyumbani kwa mzee Stenseth. Unaipigia kwa simu, inapokea kwa mlio wa paka aliyekanyagwa, inakufungulia ghala la mafaili. Na kila aliyeweka mchezo au picha humo alibandika jina lake. Watu wale wangesahau suruali kabla ya kusahau sifa. Hili lilikuwa na maneno manne tu: *Kizima. Kichukuliwe kikiwa kizima.*

"Mtoto wa mjini haogopi maandishi," Kaz akajiambia, akaanza kulishusha kwenye kompyuta yake.

Umri miaka kumi na tisa, shule aliitupa zamani. Modemu ya kuunga kompyuta na simu mezani, theluji dirishani, na nyumba yenye laini moja ya simu. Siku zote, kabla ya kuunganisha, humpigia mama yake kelele ngazini: "Mama, usiinue simu!" maana ukiinuliwa mkonga, faili hukatika. Siku ile uroho ulimbana. Hakusema kitu.

Chini jikoni, mama yake, Bogna, alitaka kumuuliza dada yake kama kabichi ya kujazia pierogi, yale maandazi ya Kipolandi, imeshachacha. Bogna ndiye aliyekuwa akisoma namba za bingo katika ukumbi wa parokia kila Alhamisi, kwa sauti ambayo mabibi walivuka barafu kuja kuisikia, zawadi au bila zawadi. Mjane hana shamba. Mali ya Bogna ilikuwa sauti.

Akainua mkonga wa simu.

Juu, faili likasimama. Asilimia hamsini.

"Mama! Umeniua! Saa nzima nahangaika!"

"Kaz, mwanangu, hii simu ime…"

"…nishika," sauti yake mwenyewe ikamalizia. Lakini ilitokea kwenye mkonga.

Kaz akashuka ngazi tatu tatu. Jiko lilinuka vumbi linaloungua, na chini ya vumbi, udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Mama alisimama wima, shavu la kushoto baridi kama kioo cha dirisha. Mkonga ulining'inia kwa waya wake, ukizunguka polepole.

"Usi…" mama akanong'ona.

"…niache," mkonga ukajibu.

Kaz akaurudisha mahali pake kwa vidole viwili, kama anayeshika panya. Mama akajaribu tena kusema, na nusu ya maneno ikasikika ndani ya simu ya ukutani, hafifu, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Kijana akatoka mbio bila koti hadi kibanda cha simu cha pembeni mwa baa.

"Mzee Stenseth? Kaz hapa. Lile faili lisilo na jina…"

"Umelishusha?" mzee akauliza.

"Nusu. Mama aliinua simu."

"Ala! Kijana, kile ni kitu, si faili. Nakifuta kila Jumapili, Jumatatu kipo. Ukilimalizia, jini zima linahamia kwako. Ukilifuta, unafuta na lilichokishika cha mama yako. Nirudishie mimi. Sina mke wala paka."

"Na wewe je, mzee?"

"Nimepanda nguzo za simu miaka arobaini, nimezoea vinavyopumua kwenye waya. Ila sikiliza: likiwa njiani, simu isiinuliwe. Hata usikie nini. Umeelewa, mfalme?"

Kaz akakata simu, akakimbia nyumbani.

Akamkalisha mama kitandani, kando ya kompyuta, akamfunika blanketi, akaanza kulirudisha kwa Stenseth. Asilimia kumi. Ishirini. Ndipo simu ya jikoni, bila kulia, bila kuguswa na mtu, ikaanza kuita kutoka chini, "Kaziu, Kaziu," jina ambalo hakuna aliyemwita tangu alipoota ndevu, ikimwomba ashuke, ainue, amtoe mahali pale penye giza na baridi ambako kitu kilikuwa kinamburuta, na midomo ya mama kitandani ikawa inacheza sambamba na kila neno bila kutoa sauti, na machozi yakimtoka jicho moja tu, akamvuta mwanawe mkono wa shati, akaonyesha ngazi, akavuta tena, hata akainuka kwenda mwenyewe, na Kaz, ambaye tangu utotoni hakukubali kuwa kuna jambo asilolijua, akamshika mikono yote miwili kwa nguvu.

"Hilo ni jini linakuchezea, mama! Tulia! Mimi nayajua haya!"

Sauti ya chini ikapiga ukelele. Asilimia mia.

Ukelele ukakatika. Harufu ikaondoka. Shavu la mama likapata joto.

"Tumelitoa, mama! Sema kitu basi. Nitukane hata."

Bogna akafungua kinywa. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, akijishika koo. Pumzi tupu.

Simu ikalia. Kaz akashuka akaiinua.

"Limefika," Stenseth akanong'ona. "Limetulia kabisa. Lakini kuna mwanamke humu ndani ya mashine yangu, kijana, na hanyamazi. Anauliza kwa nini mwanawe alimshika mikono."