Huyu ni wa Gitonga

Tik! Stima ilikuwa imepotea Kitengela nzima, na gizani jikoni Nyakio akasikia kifuniko kikibanwa. Akawasha tochi ya simu. Musau alikuwa kando ya sinki, mkono umezama mfukoni.

“Unaficha nini, babe?”

“Dawa ya kikohozi, mrembo.”

“Tangu lini uko na kikohozi?”

Musau akakohoa. Uongo mtupu! Nyakio akarudi sebuleni, lakini shaka ikamfuata. Juzi tu mwanamume huyu alikuwa ameahirisha kupeleka posa kwao, na binti yao Nzula tayari anaenda nasari.

Jumamosi, akianika nguo, leso ya maua kiunoni, alimsikia Musau kwa simu: “Damu zikifanana nimekwisha. Nyakio asijue.”

Kumbe kuna mtoto mahali! Aliporudi jioni, Musau alimkuta anafunga mizigo.

“Mama Nzula, unaenda wapi?”

“Kwa mama, Kisaju. Wewe baki na huyo uliyezaa naye.”

“Nizae na nani? Nilikuwa naongea na anko wako Bedan!” Musau akaketi kitandani, viatu vyekundu kwa vumbi la Kajiado. “Natafuta babu yangu. Kitabu cha ubatizo kinasema baba ni mtoto wa Gitonga, mwenye duka Kajiado.”

Nyakio akaachilia nguo. “Gitonga ni guka, babu yangu. Na alikuwa na duka huko.”

“Ndiyo maana mimi na Bedan, mtoto wake, tulitema mate kwa chupa kama ile niliyoficha jikoni, yakapelekwa maabara. Kama ni damu moja, nitakuoa vipi?”

Wote wawili wakamtazama Nzula, aliyekuwa akicheza mlangoni, wakaogopa kutazamana.

“Nani aliandikisha baba yako?” Nyakio akauliza polepole.

“Susu, nyanya yangu. Jina la bwana hakutaja. Alisema tu, ‘Huyu ni wa gitonga.’”

“Ukambani gitonga ni nini?”

“Si kitu. Ni jina la Wakikuyu.”

“Ng’o! Kwetu gitonga ni tajiri! Kila mwenye duka aliitwa hivyo. Susu alisikia majirani Wakikuyu wakimwita hivyo, karani akaandika jina!”

“Hapana! Unanituliza tu.”

Simu ikalia. Musau akaiweka spika.

“Ni Linda wa maabara. Wewe na Mzee Bedan hamna undugu wowote.”

Musau akashusha pumzi hadi mabega yakalegea. “Sasa babu yangu ni nani?”

“Tajiri fulani. Na wewe, ukinificha kitu tena, utanijua.”

“Sirudii, mpenzi.” Akapiga goti katikati ya mizigo. “Nilete wazee kwenu? Utaolewa na mimi?”

Nyakio alitaka kumringia kidogo, lakini akashindwa. Akaitikia kwa kichwa tu, machozi yakimdondoka.

Nzula akatangaza kwa sauti, nyumba nzima isikie:

“Mama amekubali.”