Maji ya Mzee Wiyual

Nakutegea, mjukuu wangu: niko katikati ya kikao, wote wananitaja, hakuna anayeniuliza. Mimi ni nani? Usinipe mji bado. Sikiliza kwanza.

Hapa mtaani kwetu Hai Malakal yupo mzee Wiyual. Kiharusi kilimwangusha, upande mmoja wa mwili ukafa. Mwanawe Puok anaendesha boda tangu alfajiri. Basi Nyagoa, mke wa Puok, ndiye aliyemwogesha mzee na kumshika akienda choo.

Kila siku Nyagoa aliuliza, "Baba, nikuletee maji?"

Mzee aligeukia ukuta. Midomo ilimpasuka. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Ndugu wakaanza kunong'ona habari za kaburi.

Siku moja akaja Fortunate, Mganda anayetembelea wagonjwa majumbani. Akakuta kikao cha ndugu mbele ya kitanda.

"Apelekwe Gumbo kwa dada yake," alisema mmoja.

"Hapana, nitamnunulia pampasi," alisema Puok.

"Na mzee mwenyewe anataka nini?" Fortunate aliuliza.

"Huyu hasemi siku hizi," ndugu mmoja alijibu.

"Nyinyi mmemuuliza yeye?"

Fortunate akawaomba watoke, akabaki na Puok tu. Akainama karibu na mzee.

"Mzee, mimi si mkwe wako. Kwa nini hunywi maji?"

Maneno yalitoka taratibu, yamepinda. "Maji yakiingia, yatatoka. Nani atanivua nguo? Mke wa mwanangu. Mimi hata kula mbele yake naona haya. Heri nikauke."

Puok alishika kichwa. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"



"Mwili ni wake," Fortunate alisema. "Tukipanga bila yeye, tunampangia mtu mwingine. Mzee, unataka nani akushike?"

"Asubuhi, Puok. Mchana, Lubega."

Lubega ni jirani, fundi wa pikipiki.

"Yule anayekuibia kwenye dhumna?" Puok aliuliza.

"Huyo. Tumezoea kutukanana. Na choo kiwe humu ndani. Nimechoka kuburutwa uani watu wakitazama."

Puok akatoboa kiti cha mbao, akaweka ndoo chini yake. Sasa anachelewa kutoka, na abiria wa asubuhi wanachukuliwa na wengine. Fortunate hupita kumuuliza mzee tena, maana mtu hubadilika. Mkono haujaamka. Mguu pia. Pengine haitaamka kamwe.

Jana Nyagoa alisimama mlangoni, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima.

"Baba, nikuletee maji?"

Mzee hakugeukia ukuta.

"Lete, binti yangu. Jaza kikombe."