Mgeni Kutoka Gesti ya Mwembesongo

Aliyebisha hodi alikuwa ndani. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Shamsia, kama angepata nafasi ya kufikiri.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali, na gesti ya zamani ya Mwembesongo ilikuwa inaungua. Ilifungwa tangu warithi walipogombana. Madirisha yakapigwa mbao, mlango ukatiwa mnyororo. Majirani waliapa kwamba humo hamna mtu, labda panya. Shamsia ndiye aliyeongoza zamu ya zimamoto siku hiyo. Alilizunguka jengo, akautazama moshi unavyotoka kwenye nyufa za mbao kisha ukavutwa tena ndani, kama kifua cha mgonjwa, akajua moto ule una njaa ya hewa. Ukibandua ubao mmoja tu, unakurukia.

"Hakuna kuingia," akawaambia wenzake. "Hatutoi roho ya mtu kwa ajili ya matofali. Pigeni maji kwa nje, mlinde nyumba za jirani."

Ndipo aliposikia, nyuma ya dirisha la uani: "Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya taratibu, isiyo na kikohozi.

"Umesikia?" akamuuliza Erick, aliyeshika mpira wa maji kando yake.

"Nini, afande?"

"Hodi, jamani. Hodi wenyewe," sauti ikarudia kutoka ndani.

Shamsia aliijua sheria ya kazi yake na aliiamini. Lakini kama mle ndani mna mtu, je? Angelala vipi? Akachukua mtaimbo.

"Karibu!" akapaza sauti. "Sogea dirishani, nakutoa!"

Akabandua ubao. Moto ukatoka kwa kishindo. Erick alimvuta chini, na mkono wake mwenyewe ukaungua hadi kwenye kiwiko. Hakuna mtu aliyetoka. Ila Shamsia, akiwa kifudifudi kwenye tope, alihisi pindo la nguo likimpita shingoni, likaacha harufu ya udi uliolowa maji.

Moto ulipozimwa walipekua majivu yote. Hawakukuta hata mfupa.

Shamsia aliishi peke yake Kihonda tangu alipomzika mama yake. Jioni hiyo, alipokuwa anavua viatu mlangoni, sauti ikasema kutoka jikoni:

"Pole na kazi."

Alitoka mbio hadi barabarani. Akasimama pale, magari yanampita, mpaka akaona aibu kusimama. Aliporudi jiko lilikuwa tupu, na mezani palikuwa na chai ya moto ambayo hakuipika yeye.

Angeweza kuomba alale kwa jirani yake Saada. Hakwenda. Siku iliyofuata alijikuta anatembea haraka kurudi nyumbani. Tangu msiba, hakuna aliyempa pole ndani ya kuta zile. Sauti ilimuuliza amekula nini, Erick anaendeleaje, mbona amekonda. Naye akajibu, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kama mtu anayeongea na dada yake.

Kisha akakuta dirisha la chumbani limepigwa ubao, kwa ndani, ubao mweusi ulioungua pembeni. Alasiri moja sebuleni pakawa giza. Saada aligonga mlango, akaita, na Shamsia akataka kuitika lakini ulimi ukawa mzito, na kuta zikawa na joto kama ubavu wa mnyama, na harufu ya udi uliolowa ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na pale gizani, karibu kabisa na sikio lake, sauti ile ile ya taratibu ikamwambia anyamaze, huyo wa mlangoni atakwenda zake tu, watu wa nje huchoka wakaenda zao, wao wawili watakaa hivi hivi, bila kusumbuliwa, mpaka mwisho.

Saada hakwenda zake. Alimleta Bi Raya, mganga wa Matombo, wakavunja mlango wa uani.

"Shikamoo, bibi," Shamsia alisema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Ulimwitaje huyu?"

"Nilimwambia karibu."

Bi Raya alitikisa kichwa. "Basi hakuja kwa wizi. Mimi nitafukiza, nitasoma. Lakini kauli ya kumtoa ni yako. Mgeni huambiwa na mwenye nyumba."

Moshi wa ubani ulipopanda, misumari ilianza kulia ndani ya mbao.

"Ondoka," Shamsia akasema.

"Niende wapi?" sauti ikauliza. "Kwangu pameungua. Na wewe utabaki na nani?"

Saada alimshika mkono. Shamsia alitazama mlango wa chumba cha mama yake, akalia kwa sauti.

"Sijui nitabaki na nani. Ondoka."

Ubao mmoja ukaanguka, kisha mwingine, na mwanga wa jioni ukaingia pamoja na upepo baridi wa milima ya Uluguru. Nyumba ikanyamaza. Saada akafagia majivu, akaaga, akaenda kuwapikia wanawe. Shamsia alikula amesimama. Hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Erick alirudi kazini mkono ukiwa umefungwa bandeji. Naye alikuwa mpweke, amepanga chumba kimoja, kwao ni Gairo. Shamsia alitarajia awe mnyonge, lakini kijana alikuwa anatabasamu peke yake. Zamu ilipoisha walipita pamoja kwa mama ntilie.

"Nifungie sahani mbili," Erick akasema.

"Una mgeni?" Shamsia akauliza.

"Kuna mtu nyumbani, afande. Alibisha hodi mwenyewe, nikamkaribisha. Ananisikiliza sana."

"Umeshamwona uso?"

Erick alisita, mfuko wa chakula mkononi. "Chumbani kwangu pana giza siku hizi," akasema, akaenda zake kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa.

Shamsia alipaswa kumkimbilia. Alipaswa kumpigia Bi Raya simu. Alibaki pale kwenye benchi, akimtazama kijana akipotea kwenye kona, na kitu kilichompanda moyoni alikitambua taratibu, kikamtia hofu kuliko moto wowote aliowahi kuuona. Ulikuwa wivu.