Jalada la Kijiko

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kunawa mikono, Kipanya alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele. Humo mlikuwa na meza ya mama yake, kompyuta, mashine ya kuchapia iliyokohoa kila ilipowashwa, na kigoda kimoja kando ya kiti cha mama. Kigoda kile kilikuwa chake. Watu walimwita Kipanya kwa sababu tangu akiwa mdogo hakutaka kuachia kipanya cha kompyuta. Kinyozi wa jirani alisema ni kwa sababu ya meno yake ya mbele pia.

Kazi ya mama yake ilikuwa kutangaza vitabu kwenye mtandao. Waandishi walimletea hadithi zao, naye alizitengenezea majalada ya kuonekana kwenye simu. Kisha alizichagulia maneno ambayo watu huandika wanapotafuta kitu cha kusoma, ili kitabu kijitokeze mapema badala ya kuzikwa chini ya vingine. Mama akimaliza jalada, alilipunguza hadi likawa dogo kama ukucha, kwa kuwa hivyo ndivyo wasomaji wengi huliona mara ya kwanza. Kipanya alisimama mlangoni na kusema alichokiona.

"Naona mbuzi amelala."

"Mbuzi! Huyo ni farasi anakimbia, mwanangu."

"Basi amechoka sana, mama."

Mama alicheka, kisha akamchora farasi upya. Katika nyumba ile hakuna jalada lililotoka bila Kipanya kulikubali, na hilo lilimfanya atembee shuleni mabega yakiwa juu.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Twiga alipokuja.

Twiga alikuwa binti wa mama mdogo. Mama yake alikuwa amepata nafasi ya masomo mbali, kwa hiyo Twiga angekaa nao mpaka amalize. Alimzidi Kipanya mwaka mmoja wa umri na kichwa kizima cha urefu. Aliongea kwa sauti ya chini, alikunja shuka lake vizuri kila asubuhi, na hakuwa na jambo hata moja la kumsema. Hilo ndilo lililomkera Kipanya kuliko yote.

Siku moja Kipanya alirudi kutoka dukani akamkuta Twiga ameketi kwenye kigoda. Mama alikuwa akihangaika na kitabu cha kufundisha ushonaji ambacho hakuna aliyekuwa akikiona mtandaoni.

"Nimeandika 'ushonaji wa kitaalamu'," mama alisema. "Sijui nimekosea wapi."

"Mama mkubwa," Twiga alisema taratibu, "mtu asiyejua kushona hatatafuta maneno hayo. Ataandika, 'zipu imeharibika nifanyeje'."

Mama aliangua kicheko mpaka akaegemea nyuma. "Zipu imeharibika! Ee, mtoto wewe, ulikuwa wapi siku zote?" Akamkumbatia begani.

Kipanya alibaki amesimama na mfuko wa sukari mkononi. "Hicho ni kigoda changu," alisema.

Twiga aliinuka mara moja. "Samahani, sikujua."

"Kaa tu, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Kipanya, peleka sukari jikoni."

Mwanangu! Kipanya alikuwa amezoea neno lile kama mtu alivyozoea jina lake. Sasa alilisikia likienda kwa mtu mwingine. Jikoni aliitua sukari kwa kishindo, nusu ikamwagika.

Wiki iliyofuata alikuja Bi Nesi. Alikuwa mama mtu mzima aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika wodi ya watoto. Kwenye mkoba wake alibeba hadithi alizokuwa akiwasimulia wagonjwa wadogo waliokataa dawa.

"Shikamoo, Bi Nesi," wasichana walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Nani kati yenu anaogopa sindano?"

Walinyoosheana vidole, na kwa dakika ile moja walicheka pamoja.

Bi Nesi alimgeukia mama, uso wake ukawa wa haya kidogo. "Mimi si mwandishi, dada. Lakini hadithi hizi zimemwezesha mtoto mmoja mmoja kupona. Nataka ziwafikie hata wale nisiowajua. Zisipopendwa nitajua zilikuwa za wodini tu, nizirudishe kabatini."

Mama alifikiri, kisha akasema, "Hiki ni kitabu cha watoto. Acha watoto wakichoree jalada. Kila mmoja wenu atachora lake. Nitayaweka yote mawili kwenye ukurasa wangu wa mtandao. Nusu ya wageni wataona moja, nusu wataona la pili. Litakalobofywa na watu wengi zaidi ndilo tutakalotumia."

Kipanya alifanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Alichora wodi nzima: vitanda, nesi, watoto waliolia, watoto waliocheka, paka dirishani, maua, na jua lenye miwani. Twiga alichora mtoto mmoja aliyefumba mdomo, na mbele yake kijiko kikubwa. Basi.

"Kijiko tu?" Kipanya alimcheka. "Wewe unatangaza kitabu au vyombo vya jikoni?"

"Sijui," Twiga alijibu. "Lako lina vitu vingi vizuri."

Asubuhi ya kwanza Kipanya alichungulia hesabu kwenye kompyuta kabla ya kwenda shule. Kijiko kilikuwa mbele. Jioni kikawa mbele zaidi. Aliwaza: Twiga akishinda hili, mama hatahitaji tena kunisikiliza. Atamuuliza yeye kila kitu. Nitakuwa mtu wa kupeleka sukari.

Mama alipotoka kwenda sokoni, Kipanya alifungua ukurasa na kubofya jalada lake. Akafunga, akafungua, akabofya tena. Alipochoka na kompyuta alichukua simu ya mama iliyobaki mezani. Kisha akaenda kwa kinyozi, aliyekuwa akimnyoa mteja mwenye povu hadi masikioni.

"Anko, naomba simu yako kidogo nibofye kitu."

"Kitu gani?"

"Picha yangu. Kuna mashindano."

"Kumbe umekuwa mgombea! Haya chukua, lakini ukiwa mbunge unikumbuke."

"Mimi nampa kura yangu aende zake," alisema mteja, "huyu mgombea ananikawiza. Nywele nusu ziko chini, nusu ziko juu!"

Walicheka wote wawili. Kipanya hakucheka. Alibofya mpaka kidole kikamuuma, na alifanya hivyo kila siku mama alipokuwa nje.

Siku zilipokwisha, jalada la wodi lilikuwa limeshinda kwa mbali. Mama alishangaa kidogo, akatazama hesabu mara ya pili, kisha akampongeza. Twiga alimpa mkono.

"Hongera, Kipanya. Umestahili."

Kipanya alitarajia kufurahi. Badala yake pongezi ile ilimkera, kana kwamba Twiga alimzidi hata katika kushindwa. Usiku huo huo Twiga alizifunga rangi zake kwenye mfuko na kuziweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo.

Kitabu kilitoka, na mama alimwachia Twiga kukichagulia maneno ya kutafutia. Kipanya hakuacha kukifuatilia. Kila mara alikitafuta na kukifungua kwenye simu ya mama, na kila mara jalada lake lilijitokeza la kwanza kabisa. Alimwonyesha Twiga. "Umeona? Namba moja."

Lakini baada ya muda Bi Nesi alirudi. Safari hii hakuwa na utani. Alikaa kwenye ncha ya kiti bila hata kuweka mkoba chini.

"Dada, nimekuja kukuomba ukiondoe kile kitabu."

"Kukiondoa? Kwa nini?"

"Hakuna anayekisoma. Ndugu zangu wamekitafuta hawakioni. Aliyekiona ni mjukuu wangu, akaniuliza, 'Bibi, hii ni picha ya sokoni?' Hadithi zangu ni za wodini tu. Si neno, nilijaribu."

"Lakini kinaonekana," mama alisema. "Tazama." Akaandika maneno ya kutafuta kwenye simu yake, na kitabu kikatokea juu kabisa. Bi Nesi aliandika maneno yale yale kwenye simu yake. Vilitokea vitabu vingine vingi. Aliteremsha kidole chini, akateremsha tena. Kitabu chake hakikuwapo.

Mama aliziweka simu mbili kando kando mezani.

"Simu huzoea," alisema. "Ukifungua kitu kile kile mara nyingi, inakuletea hicho kwanza, ikidhani ndicho unachokipenda. Kuna mtu amekifungua kitabu hiki kwenye simu yangu mara nyingi mno. Mimi si huyo."

Kabla hajaendelea, Twiga alisimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mama mkubwa, ni kosa langu. Mimi ndiye niliyechagua maneno ya kutafutia. Nilichagua vibaya, ndiyo maana watu hawakioni. Bi Nesi, nisamehe. Usiziweke hadithi kabatini kwa sababu yangu."

Kipanya alitazama mikono ya Bi Nesi iliyoushika mkoba kwa nguvu. Kama angenyamaza, Twiga angelaumiwa, na hilo ndilo alilolitaka wiki nyingi. Hadithi zingerudi kabatini, na hakuna ambaye angejua.

"Si yeye," alisema.

Wote waligeuka.

"Ni mimi. Nilibofya jalada langu. Hapa, na kwenye simu ya mama, na kwa kinyozi. Siku zote zile. Watu walipenda kijiko, mama. Walikipenda tangu siku ya kwanza."

Alidhani mama atafoka. Mama hakufoka. Alivua miwani na kufumba macho, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa nini, Kipanya?"

"Kwa sababu ulimwita Twiga 'mwanangu'."

Twiga alifuta macho kwa kiganja, akamtazama Kipanya kama aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Bi Nesi ndiye aliyeanza kuongea. Aliuweka mkoba chini.

"Wodini nilikuwa na kijana mmoja aliyetamani kurudi nyumbani. Nikimpa kipimo cha joto, anakichovya kwenye kikombe cha maji baridi nikigeuka. Kipimo kikasema amepona. Tukamruhusu. Siku ya pili akarudi amebebwa mgongoni." Akatikisa kichwa. "Alikidanganya kipimo, mwanangu, lakini homa haikudanganyika. Na wewe umefanya vivyo hivyo. Hesabu zilisema watu wanakipenda. Watu wenyewe walikuwa wamepita zamani."

"Nisamehe, Bi Nesi," Kipanya alisema, akilia sasa. "Hadithi zako si mbaya. Mimi nilizisoma zote."

"Nimekusamehe. Uliyemwacha abebe lawama yuko pale."

Kipanya alimgeukia Twiga. Kusema neno lile mbele yake kulikuwa kugumu kuliko mbele ya watu wazima, lakini alilisema, na Twiga akaitikia kwa kichwa. Haikuwa rahisi kwake pia.

Mama alianza jaribio upya. Alifuta hesabu zote za zamani. Kipanya mwenyewe alikwenda kwa kinyozi kueleza ukweli, akavumilia kicheko chake. "Kwa hiyo umejiuzulu?" kinyozi aliuliza. Kwa wiki nzima Kipanya hakugusa kompyuta wala simu. Kila alipopita chumba cha mbele aliweka mikono mfukoni.

Matokeo yalipokuja, aliomba yeye ndiye ampelekee Twiga. Alimkuta uani akianika nguo.

"Umeshinda," alisema. "Tena umeshinda vibaya sana. Watu wanakibofya kile kijiko kama wana njaa."

Twiga alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Kipanya hakuwahi kukisikia. "Kweli?"

"Kweli. Ningekuwa nakudanganya ningesema nimeshinda mimi."

Kitabu kilitolewa tena kikiwa na jalada la kijiko. Hakikuwa maarufu mara moja, lakini kilianza kutembea. Siku moja Bi Nesi alikuja akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, ameshika simu mbele kama sinia. Mama mmoja asiyemjua alikuwa amemwandikia. Mwanawe aliyekuwa akitema dawa alisomewa hadithi ya kwanza, akanywa dawa, kisha akauliza hadithi ya pili iko wapi. Bi Nesi aliusoma ujumbe ule kwa sauti. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo, na hakuna aliyemzuia.

Alipoondoka, mama alimwita Kipanya karibu.

"Sikukuuliza unajisikiaje tangu mwenzako alipokuja. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Lakini na wewe sikiliza. Siku ile ungeniambia, 'Mama, naona wivu.' Maneno matatu tu. Kuona wivu si dhambi, hata mimi huona. Wivu ukiusema, mtu anaweza kukusaidia kuubeba. Ukiuficha, unakutafutia kazi ya kufanya, na kazi yake siku zote ni ya kuharibu. Ulitaka kumwangusha Twiga mmoja, ukakaribia kuwanyima watoto wengi hadithi yao. Nawe hukupata hata furaha. Au uliipata?"

Kipanya alitikisa kichwa.

Twiga aliingia na rangi zake, akazimwaga mezani. Kulikuwa na kitabu kipya cha kuandaliwa, na mama alimwomba aanze kuchora. Kipanya aliwatazama wakiinamia karatasi moja, vichwa vikikaribia kugusana. Alikumbuka siku ile ya mfuko wa sukari.

"Mama," alisema.

"Naam."

"Naona wivu."

Twiga aliacha kuchora. Mama aliinua uso, akatabasamu polepole.

"Asante kwa kuniambia, mwanangu," alisema, akasukuma makaratasi pembeni ili kupata nafasi ya mtu wa tatu. "Sogea hapa. Twiga, mpe penseli."