Kamba za Machela ya Lugusha

Zama zile bunduki hazijafika Usumba, na ugomvi wa watemi wawili ukiamuliwa kwa pinde za watu wawili, Lugusha mwana wa Sitta alikwenda vitani akiwa amelala. Asicheke mtu. Ndivyo ilivyotaka desturi. Shujaa wa Usumba hakukanyaga ardhi ya njiani; alichukuliwa na wapagazi ndani ya machela, kitambaa kinene kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, na walipopiga kambi machela hiyo ilifungwa baina ya miti miwili, akalala humo humo. Alishushwa siku ya pambano tu, na nyayo zake zikishagusa uwanja hazikuhama mpaka yeye au mpinzani wake aanguke.

Kamba za machela zilikazwa mpaka zikawa zinalia zikiguswa. Katika Usumba hapakuwa na tusi zito kuliko kumwita mwanamume mlegevu, sasa nani angethubutu kumlaza shujaa kwenye kamba zilizolegea? Hivyo mashujaa walilala wamebanwa, mabega yamekunjamana kuelekea kifuani, wakafika uwanjani shingo zimekuwa ngumu kama mchi. Watatu walikuwa wamekwisha kufa kwa namna hiyo. Watu wakasema adui zao, watu wa Uwanga, wana uchawi.

Safari hii Uwanga walikuwa wamelizingira boma la Itobo, na ndani ya boma hilo alikuwamo Nyamizi, mama mzazi wa Lugusha. Shujaa akishindwa, lango lingefunguliwa, na wote waliokuwamo wangetiwa makongwa wakauzwe mbali. Lugusha aliliwaza jambo hilo njia nzima, na kila alipoliwaza shingo ilizidi kukakamaa.

Walipopiga kambi ya mwisho, jua likiwa bado juu, wapagazi walimketisha juu ya ngozi ya ng'ombe ale. Kalunde, dada yake mkubwa aliyekuwa akimhudumia, akamkanda kwa mafuta ya nyonyo.

“Geuka kushoto kidogo.”

“Nimegeuka.”

“Hujageuka, Lugusha. Umegeuza macho tu.”

Kalunde alikuwa amejaribu kila alilolijua. Alikitupa kigogo cha kulalia kilichokuwa kikikisukuma kidevu cha ndugu yake kifuani, akakunja shuka laini na kuliweka chini ya shingo. Shingo ikapata nafuu kidogo, ila mabega yalibaki yamebanwa vile vile.

“Ni hizi kamba,” akanong'ona Lugusha.

“Nyamaza! Usilitamke hilo.”

Mfunga kamba alikuwa Ndalahwa, mwana wa baba yao mdogo. Naye alikuwa mpiga upinde hodari, na shujaa akikutwa na ulegevu, upinde ungekabidhiwa kwake. Ndalahwa aliutamani upinde ule kuliko alivyompenda ndugu yake. Wengine walipokuwa wakila, alikwenda kwenye machela akazilegeza kamba zote mbili, akarudi kuketi na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea.

Lugusha alipolazwa, alizama katikati akajipinda kama ndizi. Akahamaki. Akajisogeza ili ainuke, kichwa kikateleza upande mmoja wa kitambaa na miguu ikaenda upande wa pili, akawa amelala mshazari. Hapo kitambaa kikatanuka chini ya mgongo wake, kikalala sawasawa. Mabega yakaachana. Akavuta pumzi ndefu, na hasira ikamtoka.

“Mama wee!” Kalunde akashtuka alipoona. “Kamba zimelegea. Ngoja nimwite—”

“Usimwite mtu, dada. Bega langu limerudi.”

“Wakikukuta hivi asubuhi watakunyang'anya upinde!”

“Na nisipolala, kesho mama anavishwa kongwa. Niache.”

Akalala fofofo. Kalunde alikesha kando yake, akiinua kichwa kila jani lilipotikisika.

Kulipokucha Ndalahwa alipaza sauti kambi nzima ikamsikia. “Njooni muone! Shujaa wenu amelegea!”

Watu wakakusanyika. Akaja Mzee Misigalo, mjumbe wa Mtemi, ambaye neno lake huko safarini lilikuwa neno la Mtemi mwenyewe. Akaitazama machela iliyokaribia kugusa nyasi, akanyoosha mkono kuuchukua upinde. Kalunde akafumba macho.

“Mzee wangu,” akanena Lugusha, “mimi sizifungi kamba. Namwomba aulizwe aliyezifunga.”

Kila mtu aliijua adhabu ya anayemhujumu shujaa akiwa njiani kwenda vitani: ni mkuki, papo hapo.

“Ndalahwa,” akauliza mzee, “wewe ndiye uliyezilegeza?”

“La, mzee.”

“Ulizikaza?”

Ndalahwa akaitazama machela, akautazama mkuki wa askari aliyekuwa karibu naye. “Nilizikaza,” akasema.

“Mmesikia. Kamba zimekazwa. Mbebeni shujaa.”

Hakuna aliyethubutu kucheka.

Uwanjani, Buseru, shujaa wa Uwanga, alikuwa akingoja, podo limejaa mishale. Baragumu lilipolia, yeye, asiyefungwa na desturi ya Usumba, hakusimama mahali pamoja. Alikimbia akizungukia kushoto kwa Lugusha, kama alivyowafanyia wale watatu. Hakuwa na uchawi wowote. Alijua tu kwamba watu wa Usumba hufika na shingo zisizogeuka. Mshale wake wa kwanza ukapasua kaniki ya Lugusha ubavuni. Lugusha hakuhamisha unyayo. Alikigeuza kichwa, akaendelea kukigeuza mpaka kidevu kikavuka bega, na Buseru alipoliona jicho linamfuata mahali ambapo hapajawahi kufuatwa na jicho, akasita. Upote wa upinde ukalia. Buseru akaanguka na mshale kifuani.

Lango la Itobo likafunguliwa, na Nyamizi akatoka amekonda, akijikongoja. Akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili.

“Umelalaje, mwanangu?”

“Kamba zilikazwa vizuri, mama,” akajibu Lugusha, akacheka, kisha akalia mbele ya watu wote bila kuona haya.

Majina ya watemi wale wawili yamesahauliwa, na boma lenyewe sasa ni kichuguu. Ndalahwa hakuuawa. Lugusha aliomba jambo moja tu, kwamba ndugu yake aendelee kuwa mfunga kamba wa Usumba maisha yake yote. Na kila shujaa aliyefuata, kabla hajapanda machela, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, “Nikazie kama Lugusha!” Naye Ndalahwa, macho chini, akazilegeza.