Sapatu za Zarja Miguuni pa Mgeni

"Usijisumbue, bibi. Ninazo zangu."

Mgeni alisema hivyo akiwa ameinama mlangoni pangu, anafungua begi. Mimi nilikuwa nimeshamshikia sapatu za wageni, maana hapa Ljubljana hakuna anayeingia nyumba ya mtu na viatu, awe waziri au mzoa taka. Wageni wa nje huwa wanashangaa. Huyu hakushangaa. Alitoa sapatu za sufu ya kijivu, kila moja ina ua jekundu juu yake, akazivaa kama mtu aliyezizoea.

Nikashika ukuta.

Sapatu zile nilizishona kwa mikono yangu. Nilimshonea mjukuu wangu Zarja, aziweke nyumbani kwa mchumba wake. Kwetu, ukishawekewa sapatu zako mlangoni pa mtu, wewe si mgeni tena pale.

"Umezipata wapi hizo, mwanangu?"

"Nimepewa na mpenzi wangu!" Uso ukamng'aa. "Aliniambia bibi yake alinishonea kabla hata hajaniona."

"Bibi yake?"

"Ndiyo. Anaishi milimani huko. Amezeeka sana, na hasikii vizuri, masikini."

Nilimsikia vizuri sana.

"Na huyo mpenzi anaitwa nani?"

"Gašper."

Nikamwambia apande juu akapumzike, kisha nikaingia jikoni nikakaa kitini. Gašper ndiye mchumba wa Zarja wangu.

Msichana yule alikuwa anaitwa Maren, kutoka Norwei. Siwezi kumsema vibaya, hata siku ile sikuweza. Wageni wengi hushuka hapa asubuhi, wakapiga picha daraja moja, jioni wako Venisi wanasema Ljubljana wameimaliza. Maren alikuwa amejifunza lugha yetu, lugha ya watu wachache namna hii, ili tu asome vitabu vya Profesa Doroteja Brezovnik kama vilivyoandikwa. Asubuhi ile alimkuta Profesa mwenyewe sokoni, amevaa kofia yake ya kufuma, yuko kwenye foleni ya kabichi chachu. Vitabu vyote vikamtoka kichwani, akauliza kama kuna mtu anapangisha chumba. Profesa akamjibu, "Nenda mtaa wa Trnovo kwa Pavla, mlango wa kijani. Mwambie nimekutuma mimi, atakupa na supu."

Doroteja ni jirani yangu tangu ujana. Dunia nzima inamjua kwa falsafa yake, na kwangu ni mama wa ubatizo wa Zarja. Kila Jumamosi huja kula hapa na kufuta vyombo, hata nikimkataza.

Maren akashuka kunywa maji. Nikamuuliza polepole,

"Kwani kwa mpenzi wako kuna nini mpaka utafute chumba?"

"Nilikuwa nakaa kwake, ila leo kuna mafundi wa bomba. Tazama, amenitumia ujumbe sasa hivi."

Akanisomea:

"Kipenzi, mafundi bado wapo. Usije bila kunipigia kwanza. Nimekukumbuka mno."

Mafundi gani? Siku ile ndiyo Zarja alikuwa anarudi kutoka Maribor, alikokaa mwezi mzima akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Mwenzake anamgeuza mama kitandani, yeye huku anagawa sapatu!

Maren akarudi juu na maji yake. Kabla sijajua nianzie wapi, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Bibi! Bibi, uko wapi? Nina habari!"

Zarja aliingia mashavu mekundu, sanduku bado mkononi. Miaka sita alikuwa amemsubiri Gašper. Kila alipotaja ndoa, kijana alimjibu kwa kitabu: "Profesa ameandika kwamba mapenzi hayana mwenyewe. Kwa nini tuyatie kufuli?" Zarja wangu alitaka mume, watoto na kelele mezani. Alishafikisha miaka thelathini na nne, na hilo alilijua bila kukumbushwa.

"Amekubali, bibi! Sikiliza alivyoniandikia: 'Zarja, nimekomaa sasa. Tufunge ndoa Septemba. Mwambie Profesa mapema, nataka akae meza kuu.'"

"Meza kuu," nikarudia.

"Bibi, mbona huna furaha?"

Nilimshika mikono yote miwili. Sikutaka aambiwe na mwingine.

"Kaa chini, mwanangu. Juu kuna mgeni. Amekuja na sapatu zako."

"Sapatu zangu zipi?"

"Zile za kwa Gašper."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesimuliwa utani mbaya. Kisha akasikia hatua kwenye ngazi. Maren alikuwa amesikia sauti, anashuka kusalimia. Zarja hakumtazama usoni. Alitazama miguu.

"Vua sapatu zangu."

"Samahani?"

"Nimesema vua! Hizo alinishonea bibi yangu. Huyu hapa!"

Maren akanigeukia. Nikaona anahesabu kichwani: bibi, milima, uziwi. Rangi ikamtoka usoni. Alizivua, akaziweka sakafuni zikiwa pamoja, akabaki peku kwenye vigae vya baridi.

"Aliniambia hana mtu," akasema. "Naapa. Wewe ni Zarja, sivyo? Alinitajia: mtoto wa ubatizo wa Profesa, kwamba mnaheshimiana tu."

"Tunaheshimiana?" Zarja akapaza sauti. "Nimemfulia soksi miaka sita! Hiyo ndiyo heshima?"

Wote wawili wakaanza kulia, kila mmoja na kona yake. Halafu Zarja, machozi yakimtiririka, akafungua sanduku lake, akatoa soksi nene, akamrushia mwenzake.

"Vaa. Utaugua."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Doroteja na kabichi yake. Alivua viatu, akaangalia nyuso zetu.

"Nani amekufa?"

"Bado," nikamjibu. "Lakini nina mtu namfikiria."

Tulipomaliza kumsimulia, alivua kofia yake polepole.

"Kijana huyo ameandika kitabu kunihusu," akasema. "Ananiomba niandike dibaji. Nimekuwa nikimzungusha, simwelewi. Juzi kanipigia, akaniambia, 'Karibuni tutakuwa ndugu, Profesa, hutaninyima.'"

Sasa tuliielewa Septemba.

Zarja akachukua simu, akaweka spika, akapiga.

"Malkia wangu!" Gašper akaitikia. "Umefika?"

"Nimefika. Wewe uko wapi?"

"Nyumbani, naandika. Nyumba tupu bila wewe."

"Na sapatu zangu zipo?"

"Zipo hapa mlangoni, naziona. Zinakusubiri."

Maren alijiziba mdomo. Zarja akafumba macho.

"Basi njoo kwa bibi tule. Mama Doroteja yuko hapa."

"Profesa yuko? Nipe dakika chache tu!"

Kwa mchumba wake aliyetoka safari hakuuliza hata mama mkwe anaendeleaje. Kwa Profesa, mbio!

Alikuja na maua. Alivua viatu, akavaa sapatu za wageni, akampita Zarja na kubusu shavu lake haraka kama mtu anayegonga mhuri, akaenda kumkabidhi Doroteja maua yote.

"Profesa, heshima yangu kubwa."

"Mpe aliyekusubiri," Doroteja akasema, mikono mapajani.

Ndipo akamwona Maren kwenye kiti cha dirishani.

"Mafundi wameondoka?" Maren akamuuliza.

Wanaume wengine wangeomba msamaha. Gašper alirekebisha miwani.

"Naona mmekasirika. Ni haki yenu. Lakini tuongee kama watu wazima. Sikumnyang'anya mtu kitu. Profesa mwenyewe ameandika: mapenzi hayana mwenyewe."

"Usijifiche nyuma ya sketi yangu, kijana," Doroteja akasema.

"Lakini uliandika!"

"Niliandika. Nilikuwa na umri wako, na nilipenda sentensi fupi. Halafu mume wangu akaugua. Nikamnawisha, nikamlisha kwa kijiko, na usiku alipoogopa aliniita mimi. Alijua mwenyewe wa mapenzi yale ni nani. Vitabu vyangu vyote vilikuwa rafuni, hakuna hata kimoja kilichoamka kumpa maji." Alipumua. "Na hata ile sentensi changa haikusema mdanganye mgonjwa, muuguzi na mgeni kwa mpigo."

"Pavla, sema basi kitu!" Gašper akanigeukia, bila hata kuniita bibi. "Wewe unanijua."

"Nakujua? Mimi si kiziwi wa milimani?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Hapo ndipo hasira yake ya kweli ilipotoka.

"Ndiyo shida ya mji huu! Mtu akipiga chafya mtaa wa Šiška, Trnovo wanamwambia afya njema! Huu si mji mkuu, ni kijiji chenye ngome! Berlin nani angejua? Nani angejali?"

Nikasimama. Mimi si mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile nilipaza.

"Ulipoteleza kwenye barafu ukavunjika mkono, nani alikubeba? Muuza maua wa sokoni, kakuleta kwangu kwa sababu alijua wewe ni wa Zarja. Ulipokosa kazi, nani alikutafutia? Mama huyu unayemletea maua. Kijiji kilikulea, Gašper, na wewe ukakiona ni kidogo! Kidogo ni wewe!"

Alikwenda kwa Zarja, akapiga goti, akamshika mkono, na sauti ikalainika.

"Zarja. Nimekosa. Huyu nitamwacha leo, mbele yako. Tusisubiri Septemba, tufunge mwezi ujao. Harusi yoyote unayoitaka. Watoto pia. Niangalie. Ni kitu ulichokitaka siku zote."

Ilikuwa kweli alikitaka siku zote. Niliuona uso wake ukiyumba, nikaona akiitazama ile miaka yote kama mtu aliyesimama kituoni muda mrefu, basi limefika, na anaogopa kwamba halitakuja jingine. Maren alitazama sakafu. Mimi nikauma ulimi, kwa sababu maisha yalikuwa yake.

"Niulize kitu kimoja," Zarja akasema.

"Chochote, mpenzi."

"Hapana. Wewe niulize mimi. Kitu kimoja tu kuhusu mama yangu."

"Mama?" Gašper akasema. "Kwani... alikuwa na nini? Goti?"

Zarja akauvuta mkono wake.

"Inuka, Gašper. Unachafua suruali."

"Zarja, fikiria! Kwa umri wako..."

"Kwa umri wangu najua kufungua mlango." Akaufungua. "Nenda. Na maua yako."

Alivaa viatu bila kufunga kamba. Tulimsikia akiondoka akilalamika kuhusu vijiji.

Maren akasimama, begi mkononi.

"Kuna basi la jioni. Niwaache na nyumba yenu. Samahani sana, Zarja."

"Ulikuja kumwona Profesa, au kumwona Gašper?"

"Profesa. Gašper alinikuta mkahawani nikisoma kitabu cha Profesa."

"Basi kaa ule. Profesa ndiye huyo, anamenya vitunguu. Ukimwita Profesa hatakuitikia."

"Nitaitika akishika kisu," Doroteja akasema. "Njoo huku, binti."

Simu ya Zarja ikalia mezani. Aliusoma ujumbe wa Gašper kwa sauti, ili usibaki wake peke yake:

"Nafasi bado ipo. Nitasubiri mpaka kesho. Fikiria vizuri."

Akaandika mbele yetu: "Nimefikiria. Hapana." Akautuma, akaizima simu, akaanza kupanga sahani nne. Maren akaja akampokea sahani, moja moja.

Mimi nilikuwa nimegeukia jiko, nachota supu, machozi yanadondoka.

"Bibi," Zarja akaniita. "Usinililie. Nitakuwa sawa."

"Sikulilii wewe," nikamwambia. "Naililia supu. Miaka sita nimempa yule mbwa nyama ya juu, na wewe nikikupa mfupa!"

Doroteja ndiye aliyeanza kucheka. Nikamchagulia Zarja nyama iliyo nzuri kuliko zote sufuriani, nikamwekea, na nikasimama pale pale mpaka alipoimaliza.