Anayebisha Nyuma ya Vigae

Bi Kung'aa ndilo jina tulilompa mtaani, kwa jinsi alivyopenda kila kitu chake kimetamete. Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na asubuhi ile alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Vigae vya zamani vya jikoni kwake vilikuwa vinang'olewa. Vilibandikwa na marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na sasa vilikuwa vimefifia, vimepasuka pasuka, na weusi wa moshi umejaa kwenye maungio. Mama mkwe alikataa katakata visiguswe. Lakini kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi na nusu ya mwili, na katika nyumba ile asiye na ulimi hakuulizwa kitu.

Kitanda chake kilipakana na ukuta wa jikoni. Akitaka maji aligonga ukuta kwa mkono uliobaki mzima, pigo moja zito, mawili ya haraka. Mwanawe akiwa nyumbani alikwenda mbio. Akiwa kazini, mkaza mwana ndiye aliyesikia, na alisikia siku alizotaka.

"Gonga tu, mama," alimwambia mara moja, amemwinamia sikioni. "Vidole vikichoka vitaacha."

Fundi alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Kabla ya kung'oa aligonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, ametega sikio, maana kilichoshika hutoa sauti nzito na kilichopwaya hulia kama debe. Nyumba nzima ikawa ko, ko, ko. Bi Kung'aa alikuwa sebuleni, miguu juu ya meza, anachagua mapazia kwenye simu kwa kidole chake kinene. Alisikia kugonga na hakujisumbua. Kukaongezeka. Kukawa kwa pupa, kukawa kwa fujo. Akamsifu fundi moyoni kwa kuchapa kazi.

Kisha lango likafunguliwa, na fundi akaingia na mfuko wa saruji begani, jasho linamtiririka. Kumbe alikuwa ametoka kitambo kwenda dukani. Na kugonga bado kulikuwa kunaendelea.

Kukakoma.

Bi Kung'aa alikwenda chumbani, akamkuta mama mkwe amejikunja ukutani, mkate aliomwachia umemkwama kooni, macho wazi, ngozi ya vidole imechubuka. Hakutoa hata chozi. Alifuta damu ukutani kwa kitambaa cha vyombo, akamnyoosha, akamfumba macho. Mumewe aliporudi kazini akaambiwa kwamba mama alifariki usingizini, kwa amani.

Matanga yakaisha, vigae vipya vikapanda ukutani. Vilikuwa vyeupe, vinang'aa mpaka unajiona uso. Majirani tulikuja kuvitazama, na wivu hatukuuficha.

Sauti ilianza mchana mmoja, jua likiwa kali, chungu kikiwa motoni. Pigo moja zito. Mawili ya haraka. Ilitoka nyuma ya vigae.

Mume naye alisikia. Alisimama jikoni machozi yakimlengalenga, akaweka kiganja ukutani.

"Huyu ni mama," alinong'ona. "Ananiita. Kuna kitu anataka kuniambia."

Bi Kung'aa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakumwogopa maiti. Alimwogopa mumewe, siku atakayojua. Uongo ukamjia papo hapo, mtamu kama asali.

"Fundi alinionya," alisema. "Anayemwitikia maiti huondoka naye. Ukisikia kugonga, mume wangu, usije. Jifungie chumbani."

Alikuwa mwana mtiifu, akawa mume mtiifu. Tangu hapo kila ukuta ulipogongwa, yeye alikimbilia chumbani na kukomea mlango. Wahenga hawakukosea, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mapumziko. Mume yuko chumbani, Bi Kung'aa yuko jikoni anapangusa vigae vyake. Kitambaa kikamdondoka. Akainama kukiokota, mguu ukakataa. Akaanguka, shavu limegandama ukutani. Akataka kumwita mumewe. Ulimi ulilala mdomoni kama kipande cha nyama mbichi.

Mkono mmoja tu ulikuwa mzima.

Akagonga. Hakuupanga mpigo, mkono uliupanga wenyewe. Moja zito. Mawili ya haraka.

Mlango wa chumbani ukalia. Nyayo zikaja ukumbini. Zikakaribia. Zikasimama nyuma ya mlango wa jikoni, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi.

"Mama," sauti ya mumewe ilitetemeka, "nisamehe. Siwezi kuja."

Nyayo zikarudi. Komeo likaingia.

Akagonga kwa pupa. Akagonga kwa fujo. Ngozi ikachubuka. Alipochoka, akanyamaza.

Ukuta ukamjibu, taratibu.

Baada ya maziko ya pili, mume alimwita fundi yuleyule aviondoe vyote. Majirani tulisimama mlangoni, mikono vifuani. Kigae cha chini kilipobanduka, fundi alikigeuza. Saruji iliyokishika ilikuwa imekauka kama jiwe, nayo ilijaa mabonyeo ya vidole vilivyokunjwa, yaliyopigwa kutoka ndani ya ukuta. Mikono miwili tofauti. Mmoja wa mifupa mitupu, wa mzee. Mwingine mnene.

Fundi aligusa mabonyeo ya ule mnene kwa ncha ya kidole, akatuonyesha. Saruji hapo ilikuwa bado mbichi.